Maji Chumba cha Chini

Mwezi wa tatu, Lowell, theluji ikiyeyuka,
maji yaliingia chini ya nyumba yetu ya mbao
bila hodi.
Tukashuka na ndoo: Bwana Kanellos, Mgiriki wa ghorofa ya kwanza,
msalaba ukimning'inia shingoni;
Mama Sokhom, Mkambodia, wa juu kabisa;
na mimi wa kati, mzaliwa wa Pangani,
miguu bado ina majimaji ya udhu.

Kanellos alichota akilalama: Bwana, umeniona mimi tu?
Mimi nilichota nikisema, rehema hii, imekosea mlango.
Kumbe sote wawili tulikuwa na wa kumshitakia.
Sokhom alichota kimya.

Nikamuuliza, kwa Kiingereza chetu cha kuazima,
kwenu nyinyi, mvua kaiumba nani?
Akamwaga ndoo dirishani, akacheka.
"Maji yanakaribia nyaya za umeme,
nawe unauliza jina la wingu."

Niliudhika, nakiri.
Mimi nina Mola asikiaye nyayo za sisimizi mweusi
juu ya jiwe jeusi, usiku wa kiza.
Yeye hupiga magoti mbele ya sanamu ya shaba
wala haiombi kitu.
Basi magoti ya nini?
"Alinionesha njia," akasema. "Hakunibeba."

Siku nyingine, ngazini, alinihesabia wafu wake,
mume, wana wawili, dada,
kama mtu anayehesabu chenji.
Hakusema kazi ya Mungu haina makosa,
neno nililolishika mimi
siku nilipomzika mama kwa simu.
Neno langu ni ukuta, naliegemea.
Lake ni dirisha wazi, na baridi yote hii.
Sibadilishani naye.
Nina mgongo unaouma.

Jumamosi huniletea machungwa
yaliyoshinda mbele ya sanamu.
La kwanza niliweka juu ya friji,
nikalitazama kama barua ya mahakama.
Mwisho nikampa Kanellos.
Akapiga ishara ya msalaba, akala, akatema kokwa.

Sakafu ilikauka Alhamisi.
Kanellos anasema ni Mtakatifu Nikolao.
Mimi nasema ni Mola.
Sokhom anasema ni pampu,
kisha anaunganisha viganja
na kuiinamia pampu
mpaka chini.