Saba ya Baba

Mthamini amekuja na tochi, glovu nyeupe, kioo cha kukuzia.
Amelala chali chini ya gari, hapa Gerezani,
juu ya boksi la friji nililomtandikia,
ananiuliza: limezaliwa wapi?

Mimi najua lilikofia. Lilifia hapa, mara nne.

Andika, namwambia. Andika kwa penseli.
Lilishuka bandarini likiwa vipande, makasha matano,
enzi ya Mjerumani, la bwana shamba wa mkonge
aliyeliendesha majuma sita, vita ikaingia.
Mwingereza akaliandika mali ya adui.
Mali ya adui ikanyeshewa masika mawili nyuma ya Forodha
hadi Jetha Virani alipoinunua mnadani
pamoja na mizani ya kopra na kengele isiyo na ulimi.
Alichotaka ni mizani.

Hayo yamo kwenye karatasi. Karatasi ninazo,
zinanuka karafuu na mkojo wa panya.

Yasiyomo ni haya:
kwamba dereva wake, Kondo Mwinyimvua, babu yangu,
alidai mshahara wa miezi kumi na minne
akapewa hendeli ya kuwashia.
Akalisukuma toka Uhindini mpaka huku,
watoto wa mtaa nyuma yake wakipiga vigelegele,
yeye hakucheka. Alikuwa anahesabu: unga, kodi, kaniki ya mkewe.

Kwamba magurudumu haya si ya Ulaya.
Ni mninga. Nampoto wa Keko aliyachonga
akipimia kamba ya katani,
moja akalikosea kwa unene wa kucha,
ndiyo maana linachechemea likienda.
Springi ni za Bedford lililopinduka Kimara.
Rejeta imeng'olewa kwenye mashine ya kukobolea mpunga.
Kiti cha nyuma alikishona Tamimu, fundi viatu,
kiraka juu ya kiraka,
ngozi ya kwanza imebaki kama ukubwa wa kiganja
pale kuku alipokuwa akitagia.

Mthamini anaandika.
Kila nikitaja jina la fundi bei inashuka,
ninaiona ikishuka usoni mwake
kama maji ya pipa lililotoboka.

Halafu anafika kwenye namba.
Anafuta grisi kwa kidole cha glovu, anashusha pumzi.
"Hii," anasema, "hii ndiyo yenyewe. Imepigwa kiwandani.
Hii peke yake inalibeba gari zima."
Ananiita nione.

Nachuchumaa, nawasha tochi ya simu.
Tarakimu tano. Ya tatu ni saba,
imekatwa tumboni kwa mstari,
na mstari umepinda mwishoni kwenda juu
kama mkia wa paka aliyeshiba.

Saba hiyo naijua.
Ilikuwa kwenye daftari langu la hesabu,
ukutani, kwa mkaa, penye orodha ya wadeni,
kwenye kibao cha kaburi la mama.

Kutu ilikuwa imekula namba yote, mwaka ule,
na karani wa leseni akasema
gari lisilo na namba ni chuma chakavu.
Baba, Pazi Kondo, hakubisha. Alirudi na tindo ya kuazima.
Usiku nikasikia ko, ko, kimya, ko,
nikamuuliza mama kuna nini huko nje.
"Lala," akasema. "Baba yako yuko leba."

Mthamini anasubiri nifurahi.
Nje wanagonga mabati, Gerezani haijui kunyamaza.

"Pale pa kuzaliwa," nasema, "umeandika nini?"
Ananionyesha. Mji wa mbali, herufi nzuri.
"Futa. Weka hapa.
Tarehe sina. Ulikuwa usiku, umeme umekatika,
kandili ameishika mama."

Akanitazama sana.
Maji yote yakaisha kwenye pipa.

Nikaenda kumtafutia sabuni ya unga,
maana zile glovu zilikuwa zimeshaharibika.