Mgeni Ndani ya Kidonge

Umeme umekatika tena Katuba nzima,
nami nimechuchumaa mbele ya mbabula ya mama
na kidonge cheusi, kidogo kuliko kifungo cha koti:
tumbo lake juu ya bati la moto,
mgongo wake chini ya sahani ya maji ya kisima.
Nyaya mbili. Mita ya kuazima.

"Unapika nini hapo?"
Napika tofauti, mama.
Napika ile nafasi iliyo kati ya moto na baridi.

Mwezi wa kwanza nilisaga oksidi tupu,
kobalti ya ardhi hii hii na chokaa,
kwenye kinu cha agati mpaka kiwiko kikalia.
Nikashindilia. Nikachoma kwa nyuzi mia tisa,
usiku kucha, jenereta ya Nawej ikikohoa uani.
Kikatoka kigumu, kizuri, kibubu.
Joto lilikipita kama mtu anayerudi kwao:
halikusimama, halikulipa kitu.
Umeme ndio uliokwama mlangoni.

Nawej akasema, "Tia mgeni.
Bismuthi, chembe chache tu katika mia.
Mkalishe kwenye kiti cha kalsiamu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Neno hilo nililijua kabla ya kusoma.
Baba alilitamka kwa ulimi wa Kasai,
akilikunja pale katikati,
na sisi watoto tulimcheka.
Kisha ukaja mwaka wa magodoro stesheni,
watu wamelala relini wakingoja treni ya kuwarudisha
mahali ambapo wengine wao hawajawahi kupaona,
na majirani waliokula bukari kwetu
wakahesabu kwa vidole nani kazaliwa wapi.
Baba hakupanda treni.
Mama alisimama mlangoni, mwiko mkononi:
"Mkimchukua huyu, chukueni na paa.
Alilipigilia yeye."

Bismuthi ni mzito, mpana wa mabega.
Akiingia katika safu za fuwele, safu zinasogea,
zinanung'unika.
Mitetemo ya joto inajikwaa kwake,
inauliza njia, inachelewa, inapotea;
chaji, nyepesi, hazijali ukubwa wake,
zinampita ubavuni zikiteleza.
Ndicho tunachotaka: joto lizubae,
umeme uende zake.

Nilizidisha mara mbili.
Vidonge vikapasuka, viko kwenye kopo la maziwa
pamoja na misumari iliyopinda.
Sisemi fuwele ilimkataa.
Viti viliisha.

Leo mita inasoma thelathini na moja.
Kile kibubu kilifika ishirini na nne, kikachoka.
Milivolti thelathini na moja, mama!
Haziwashi hata jicho la simu,
najua, usinitazame hivyo.
Lakini kule matanuri ya shaba yanatema joto angani
usiku na mchana, bure, miaka na miaka,
na sisi huku chini
tunasoma kwa mshumaa.

Hajibu. Anachochea makala kwa kijiti,
anasogeza sufuria ya maharagwe kando,
ameipa sayansi robo saa, si zaidi.
Anainama, anakitazama kidonge
kama anavyomtazama mtoto wa mtu aliyeletwa jioni bila mzigo.

"Na huyo mgeni wako," anasema,
"muda wote huo motoni,
mmempa hata maji?"

Nagusa sahani. Maji yamekuwa vuguvugu,
na namba, bila mimi kuona, imeshuka hadi kumi na tisa.
Nayamwaga kwenye mchicha.
Nateka mengine, ya baridi, kutoka chini kabisa ya ndoo.