Ukuta wa Makala

Maharagi yamelala majini tangu jana.
Nayaamsha saa kumi na moja, kabla ya kengele ya parokia,
nayaambia: simameni, leo mna wageni mia tatu kumi na wawili.
Kuni mbichi. Moshi unanichungulia machoni
kama mdai aliyenikuta nyumbani.

Direkteri ana kitabu chake, kikubwa, chenye mistari ya buluu.
Mimi nina ukuta.
Kila sahani ikitoka nachora mstari kwa makala,
mmoja, mmoja, mmoja,
hadi chini ya dirisha, pale mvua inapofuta ya wiki iliyopita.
Shule niliiachia darasa la tatu;
njaa ndiyo iliyonifukuza, si mwalimu.
Lakini kwa kuhesabu vinywa hajazaliwa wa kunishinda.

Zamani (mwaka juzi, si zamani sana)
mwalimu Bisimwa alifundisha kujumlisha kwa maharagi makavu.
Aligawa sitini. Akarudishiwa arobaini na nane.
Akapekua mifuko: hakuna kitu.
Akatazama midomo: inatafuna polepole,
mabichi, magumu kama kokoto za njia ya Bagira.
Hakumchapa mtu.
Alikaa juu ya ndoo, akafuta ubao wote,
akaandika barua. Kwa nani, hakusema.
Jibu lilichukua misimu miwili ya mvua.
Lilikuja na sufuria sita, magunia, na mimi.

Leo ni bugali wa mahindi na soya,
maharagi, na lengalenga za nyuma ya darasa la tano,
pale mlima wa Kadutu ulipotaka kutushukia tukauzuia kwa matuta.
Jumatano ni sambaza, wakavu, wenye macho,
na Cibalonza huwapanga foleni sahanini
akawaita majina kabla ya kuwala.
Hakuna anayelipa.
Wengine bado huja na noti ya mia tano
iliyokunjwa kiganjani, imelowa jasho; mama kawatuma, haamini.
Nawaambia: mrudishie.
Mwambie mwiko hauna mfuko.

Sasa, shida.
Kitabu kinasema mia tatu kumi na wawili.
Ukuta unasema mia tatu kumi na watano.
Mkaguzi alipanda kwetu na viatu vinavyoomba radhi kwa matope,
akahesabu huku, akahesabu kule,
akaniuliza: Mama Nsimire, hawa watatu ni nani?

Ningesema nimekosea. Si mimi ni mtu wa darasa la tatu?
Lakini niliwaona, nyuma ya bega lake, penye tundu la uzio:
Murhula anayebeba mchanga wa wajenzi tangu alfajiri,
mdogo wake mgongoni,
na yule binti aliyetoka upande wa Kalehe na godoro kichwani
ambaye mpaka leo hajaniambia jina.
Wameshika vifuniko vya ndoo ya rangi,
vimeoshwa, vimesuguliwa kwa majivu, vinang'aa.
Wamesimama wima, kama watu walioandikwa.

Nikasema: Bwana, mwiko wangu haujui kusoma.

Hakucheka. Aliandika kitu.
Akala.
Akaomba ukoko.

Ijumaa walipaka ukuta chokaa.
Wageni wanakuja, na wageni wanapenda weupe.
Mistari yangu yote, mwaka mzima wa vinywa,
ilizama kwa brashi moja na kijana anayepiga mluzi.
Nilisimama na kipande changu cha makala.
Foleni ilishafika kona ya choo, inasukumana,
na mmoja huko nyuma anakariri jedwali la saba,
anateleza kwenye saba mara nane,
wenzake wanamrudisha kwa kelele: hamsini na sita! hamsini na sita!
Mwaka juzi, saa kama hii, walikuwa wamelalia madawati.

Nikachora mitatu kwanza.
Halafu nikafunua sufuria.