Punje ya Ulezi

Juu ya paa la zahanati, Bwaise, saa nane usiku,
Kobusinge na mimi tumeliinamia sanduku
lenye mrija mmoja unaonyonya hewa ya barabara.
Ndani ni giza. Sharti liwe giza:
tumeziba hata tundu za skrubu kwa utepe mweusi,
maana tunachokitafuta
ni punje moja ya ulezi
katika lori zima lililotoka Soroti
likiwa limejaa hadi kwenye turubali.

Tunapitisha mwale wa buluu.
Hewa nyingine haina la kusema, inapita zake.
Ila ile gesi ya ekzosi, ile dioksidi ya nitrojeni,
huimeza nuru,
hukaa nayo kitambo kisichotosha kope kuanguka,
kisha huirudisha, imekuwa nyekundu.

Wekundu huo hatuuoni.
Mashine huuhesabu chembe kwa chembe,
kama Mama Nalweyiso anavyohesabu sarafu za chapati
gizani, kwa ncha ya kidole.

“Ishirini na tatu,” asema Kobusinge.
Lori la matofali linapanda kwenda Kawempe.
“Thelathini na nane.”
Mbwa. Kimya. “Kumi na tisa.”

Okurut, mlinzi, amekuja na chai yake.
Sasa hiki kidude kinanusa nini?
Kinanusa kwa macho, namjibu.
Anacheka mpaka kicheko kinageuka kikohozi,
na kikohozi hakitaki kugeuka tena.

Saa tisa umeme ukakatika.
Tukawasha jenereta, mbio, tusipoteze usiku.
Tisini. Mia na arobaini. Mia tatu na sita.
Kobusinge akashika kichwa:
moshi wetu wenyewe, umezunguka paa,
umeingia mrijani.
Nyani haoni kundule;
sanduku limeliona letu,
limeliandika, kwa saa na dakika.

Hatukufuta. Pembeni mwa daftari
akachora mshale, akaandika: *Huu ni wetu.*

Kabla ya adhana nikafungua mtungi wa sifuri,
hewa iliyochujwa, iliyokuja kwa stakabadhi,
ili mashine ikumbushwe jinsi kitu kinavyokosekana.
Namba zikashuka. Nne. Moja. Nusu.

“Hiyo nayo inauzwa?”
Inauzwa, mzee.
Okurut akaweka kikombe chini, akavua kofia,
akainamisha uso penye vali.

“Kidogo tu,” akasema.