Kitenzi Kisicho na Mtu

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, maktaba ya Medenrid.
Theluji imeganda viooni. Wanafunzi wangu sita
wamekaa na makoti yao, maana mabomba ya joto yamekufa tena.
Nawagawia karatasi ya buluu iliyokunjwa mara tatu,
samaki wa madoadoa akicheka kwenye jalada:
"Mto Wetu, Fahari Yetu."
Isomeni, nawaambia. Kisha msomeni aliyeiandika.

Radoslav, fundi bomba, anasoma kwa kidole:
"Mwaka huo maji yalichafuka kidogo.
Samaki kadhaa walipotea.
Hali ilidhibitiwa mapema."
Anainua macho. Sioni kosa, mwalimu. Sentensi zimenyooka.

Zimenyooka, ndiyo. Kama shuka la hospitali
lililotandikwa upya
juu ya kitanda cha mtu aliyekwisha kuondolewa.

Naandika ubaoni: yalichafuka.
Chini yake: yalichafuliwa.
Chini yake tena: waliyachafua.
Nauliza, yana tofauti gani?

Kimya. Mtu anakohoa.
Kisha Zlatina, mkata tiketi wa stesheni,
ambaye tangu Oktoba hajasema zaidi ya "nipo":
La kwanza, maji yamejichafukia yenyewe,
kama maziwa yanavyochacha.
La pili, kuna mkono, lakini umevaa glavu.
La tatu...
anasita, anavuta mtandio wake,
la tatu lina watu ndani.

Na "kadhaa" ni wangapi? Radoslav kaamka sasa.
Mimi nilihesabu mpaka mia nne, pale darajani, nikachoka.
Mwanangu alidhani ni majani ya miti
yamegeuka matumbo juu.

Natoa karatasi ya pili, ya njano.
"SUMU! WANAWAUA WATOTO WENU!"
Herufi kubwa kama milango. Tarakimu hamna, hata moja.
Wanaipenda zaidi hii; ina hasira yao.
Igeuzeni, nawaambia. Pale chini, maandishi ya chungu mdogo:
imechapishwa kwa hisani ya Hoteli za Donchev.
Donchev! Yule anayetaka kununua kingo za mto
kwa bei ya viazi!
Wanacheka mpaka makoti yanafunguka.
Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.
Hapa ngoma ni mbili, ngozi ni moja,
na ngozi yenyewe ni sisi.

Na hii ya buluu? anauliza Zlatina. Haina jina.
Nani aliiandika?

Nilikuwa nimeandaa jibu: kiwanda.
Si uongo. Lakini kiwanda hakina vidole.
Ningeweza pia kusema: iliandikwa.
Naona glavu inanyooshwa kwangu, ya joto, saizi yangu.

Niliiandika mimi.
Miaka kumi na mmoja iliyopita, ghorofa ya pili,
juu ya tanuri la shaba, dawati la dirishani.
Nilianza na "walikufa".
Bosi alilikata kwa kalamu ya kijani, hakusema kitu,
akaacha nafasi.
"Walipotea" nililipata mwenyewe.
Nililipenda, nisiwafiche. Nililipenda mlio wake.
Mshahara wa mwezi ule ndio ulionunua
miwani hii ninayowasomea.

Hakuna anayecheka.
Zlatina hajashusha mkono:
Na leo, mwalimu, unatuambia haya ili iweje?

Nimewafundisha vizuri mno.
Nataka mnisamehe, nadhani.
Basi mkiyakumbuka niliyosema,
likumbukeni na hilo; lipimeni pamoja.

Radoslav anaikunja karatasi kwa mikunjo yangu ileile,
haniangalii, anaitia mfukoni.
Sijui anaipeleka wapi. Sijaiomba.

Nazima taa. Nje, theluji imezolewa njiani.
Yuko mtu aliyeizoa.