Mstari wa Kumi na Nne

Julai, Mufindi. Sakitu imelala juu ya chai
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Mizani yangu inaning'inia kwenye mkaratusi,
nami nimesimama chini yake, kalamu nyekundu sikioni,
miaka tisa msimamizi,
miaka tisa sauti yangu inafika bondeni kabla yangu.

Nilifundishwa hivyo. Meneja wa zamani alisema
mchuma chai ni kama tela, asiposukumwa hasogei.
Nikasukuma.

Jumatatu, kilo kumi na nane.
Jumanne kumi na sita, na majani magumu ndani,
yale ambayo hata mbuzi angeyatazama mara mbili.
Jumatano nikaandika kwa wino mwekundu:
Sikujua Kihwele, mstari wa kumi na nne,
mvivu.
Neno moja. Halikunigharimu kitu.

Meneja mpya ni mama wa Tukuyu, Tusekile,
mfupi, buti kubwa kuliko miguu yake.
Alisoma rejista, akaweka kidole juu ya lile neno.
"Ulimuuliza?"
Nikamwambia kazi yangu mimi ni kupima.
Hakunikaripia. Ingekuwa nafuu.
Alichukua tenga, akajifunga kamba,
akazama ukunguni.

Saa tatu zilipita. Sikusikia hotuba.
Nilisikia "kamwene" iliyotamkwa vibaya,
kicheko, kisha kimya kirefu
na majani yakikatika, tk, tk, tk.

Aliporudi, vidole vimepasuka, tengani kilo saba.
(Nilizipima. Nikaziandika. Kanuni ni kanuni.)
Akasema polepole, kama anayehesabu chenji:
"Yule mama haoni vizuri. Anachuma kwa kupapasa.
Ukungu ukishuka anatafuta chipukizi kwa kidole gumba,
na anaogopa kukuambia wewe."

Wewe.
Kuna maneno yana kilo zake.

Nikashuka mstari wa kumi na nne bila kalamu.
Nilitaka kusema mengi, likatoka moja tu:
"Sikujua."
Akageuza uso upande ambao sikuwepo.
"Abee," akaitika. "Nani ananiita?"

Sasa yuko kiwandani, penye vitanda vya kuchachusha.
Anainamisha pua juu ya majani, anasema bado,
anasema bado,
anasema sasa,
na yule mtaalamu mwenye saa ya dhahabu
amejifunza kumsubiri.
Makao makuu waliandika: nani aliidhinisha?
Tusekile akajibu kwa sentensi mbili. Sikuziona.
Ninachojua, mzigo wa Agosti ulikwenda mnadani
na haukurudi.

Usidhani nimekuwa malaika.
Jana nilimfokea kijana Metusela kwa kuchelewa.
Katikati ya sentensi nikakumbuka,
nikameza nusu iliyobaki, ikanikwaruza koo.
Nikamuuliza: ulilala wapi?
Akanikodolea macho
kama mtu aliyesikia ng'ombe akimsalimia.
Hajajibu bado.
Baridi inapanda kutoka bondeni, mizani inayumba tupu,
kalamu iko mfukoni.
Nasubiri.