Hiyo Si Lifti

"Nugzar," asema Bi Lamara, "hiyo si lifti.
Hata uibonyeze mara kumi
haitafika upesi."

Nina miaka hamsini na saba.
Kabla yangu huingia Tekle, mwenye miaka saba na mapengo mawili,
baada yangu Vakho, ambaye hucheza akitazama dirishani
na hakosei.
Mimi nangoja koridoni, kwenye benchi la kimo cha watoto,
magoti kidevuni, grisi kwenye kucha,
daftari la mistari mitano mapajani,
kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.
Mama yake Vakho aliniuliza, "Umemleta mjukuu?"
Nikasema ndiyo.
Ningesema nini?

Samaki mkunje angali mbichi.
Sawa. Mimi nimeshapigwa chumvi, nimekauka,
nimetundikwa ukutani miaka mingi.
Bi Lamara hanikunji. Ananiloweka:
Jumanne nusu saa, Ijumaa nusu saa.

Do, re, mi, fa, so.
Gumba linajitapa. Cha shahada kinatii.
Cha kati kirefu, kimezoea kusifiwa.
Kidogo kinajitahidi, maskini, kadiri ya mwili wake.
Lakini cha pete, cha nne, hakinyanyuki
mpaka kimshike jirani mkono,
na fa yangu hufika imechelewa,
inahema, kama mtu aliyepanda ngazi.
"Kwa kila mtu ni hivyo," asema Bi Lamara.
"Hicho kidole kiliumbwa jioni, Mungu akiwa amechoka."

Mkono wa kushoto bado ni mgeni rasmi.
Umekaa tu.

Sikumwambia Bi Lamara habari za mwaka ule wa giza,
Tbilisi nzima imezimika, lifti zimefia mashimoni
nami fundi wa lifti,
ghorofa ya saba, mikono mifukoni.
Tulichoma viti kwanza.
Kisha kabati, kisha sakafu ya sebule, ubao kwa ubao.
Kisha piano ya dada yangu Tsiala.
Mwenye shoka nilikuwa mimi.
Haikufa kimya.
Kila pigo, nyuzi zote ziliitika kwa pamoja,
sauti ambayo sijaisikia tena popote,
na Tsiala, ameshika mshumaa, alisema tu,
"Hiyo ilikuwa fa."
Maharage yaliiva.
Nitasema ukweli: yalikuwa matamu.
Nililamba sahani.

Siku hizi Tsiala yuko Thesaloniki,
anaogesha wazee wa watu wengine.
Hupiga simu Jumapili.
Hatuzungumzii kuni.

Nyumbani sina piano.
Nimechora vibonyezo kwenye kadibodi ya friji,
vyeupe nimeviacha, vyeusi nimevipaka kwa rangi ya viatu,
na nikiwa zamu huibeba hadi chumba cha mashine, juu ya paa.
Huko nafanya mazoezi bila kumuudhi yeyote.
Kamba za chuma zinapanda, zinashuka,
injini inavuma noti moja mchana kutwa.
Niliibeba kichwani hadi kwa Bi Lamara,
nikaitafuta kibonyezo kwa kibonyezo.
Iko kati ya mi na fa, mahali pasipo na mlango.
Miaka thelathini nimefanya kazi ndani yake
nikidhani ni kelele.

Jumapili iliyopita simu ilikuwa sikioni,
mkono wa kulia ukawa hauna kazi, kadibodi iko mezani.
Tsiala ananisimulia bei ya nyanya.
Akanyamaza.
"Nini hicho kinagonga?"
"Mvua," nikasema.

Alisikiliza. Niliogopa kuacha,
maana mvua haiachi ghafla ikiulizwa.
Nikaendelea, kwenda na kurudi,
vidole vitano juu ya karatasi.

"Nugzar," akasema baada ya muda,
"hiyo mvua yako
inalegea kidole cha nne."